Fuso ya 1993: AC inapoza dakika 25 halafu inaleta joto. Kompresa nimebadili, gesi nimejaza. Nianzie wapi?

#1 Mwana wa Igawa
Wakuu salaam. Nina Fuso Fighter ya 1993, injini 6D16, niliinunua mwaka juzi kwa mzee mmoja wa Makambako. Ndiyo gari yangu ya kwanza na ndiyo inayolisha nyumba. Napiga Dar na Tunduma, napanda na mbolea au bati, nashuka na mchele.

AC niliikuta imekufa siku nyingi. Mkanda wa kompresa ulishatolewa, mipira imefungwa mdomo kwa nailoni. Anayekijua kipande cha Ruaha Mbuyuni mwezi wa 11 saa nane mchana, kabini imekalia injini, anajua ninachosema. Mwaka jana nilisinzia kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga. Utingo wangu ndiye aliyenishika bega. Toka siku ile nikasema AC hii itarudi hata kama nitakula ugali na chumvi.

Nimefunga kompresa ya mtumba ya volti 24, draya mpya (kile kichujio kinachonyonya unyevu), o-ringi za viungo zile nilizoziona zimekauka. Fundi akavuta hewa yote iliyomo kwa pampu kama dakika 10, akajaza gesi ya R134a mpaka kile kioo cha kwenye draya kikawa safi. Gari ikiwa imezimwa geji zote mbili zilisoma presha ya psi 95, akasema imejaa sawasawa.

Nikitoka Dar inapiga baridi ya kuvaa sweta. Kibaha bado iko vizuri. Kufika Mlandizi upepo unakuwa wa kawaida, mara joto. Nikiizima dakika 10 baridi inarudi. Kila safari ni hivyo hivyo. Fundi anataka elfu 80 nyingine aongeze gesi. Nianzie wapi?

#2 Spana Kumi na Tatu
Gesi imepungua mkuu. Ongeza, maliza kazi.

#3 Fundi Baridi
Spana, hapana. Gesi ikipungua baridi inakuwa hafifu tangu unapowasha, na haiwezi kurudi yenyewe kwa sababu umeipumzisha dakika 10. Hii inayokuja na kuondoka ina sababu nyingine.

Na hiyo psi 95 isikudanganye. Gari ikiwa imezimwa, geji inakuonyesha joto la siku. R134a kwenye nyuzi 30 inakaa kati ya psi 95 na 100, uwe umejaza gramu 200 au kilo nzima, ilimradi kuna tone la gesi iliyogeuka kimiminika ndani. Kipimo cha kujaza ni mizani.

Mashaka yangu ya kwanza ni maji ndani ya mfumo. Dakika 10 za kuvuta hewa kwenye mfumo uliokaa wazi miaka ni sawa na kufuta sakafu kwa leso. Unyevu unaobaki unazunguka na gesi, ukifika kwenye tundu la ekspansheni valvu (pale gesi inapopenya kwenda kupoa) unaganda, tundu linaziba, baridi inakata. Ukizima, barafu inayeyuka, baridi inarudi. Ndiyo hadithi yako yote hiyo.

Nijibu mawili. Draya mpya ilikaa nje muda gani baada ya kutoa vizibo? Na baridi ikikata, upepo unabaki na nguvu ile ile au unapungua?

#4 Mwana wa Igawa
Fundi asante. Draya ilikaa benchi siku mbili, vizibo vilitolewa siku ya kwanza kupimia mipira. Upepo uko vile vile.

#5 Fundi Baridi
Siku mbili bila vizibo, tena hapa Dar! Zile punje za ndani zimeshakunywa unyevu zimeshiba. Hiyo draya ni mpya kwa rangi tu. Weka nyingine, uifungue ikiwa ya mwisho kabisa, pampu ikiwa tayari imeunganishwa.

#6 Mama Malori
Fundi, naheshimu mkono wako lakini usifunge jalada mapema. Nina Fuso tatu na moja ilinisumbua hivi hivi miezi mitano. Tulivuta hewa mara mbili, draya mbili, valvu moja. Ugonjwa ulikuwa kile kisensa kidogo kinachochomekwa kwenye mapezi ya evapureta, ile inayopoza upepo wa kabini. Kazi yake ni kukata kompresa evapureta ikikaribia sifuri. Kikifa, kompresa haipumziki, mapezi yanajaa barafu, feni inapuliza ukuta. Dalili yake upepo unapungua polepole, na ukisimama maji yanamwagika chini ya kabini kama umefungua bomba.

Baba Igawa, ukisimama Chalinze unaona maji?

#7 Dogo wa Utingo
Shikamooni. Huyo utingo aliyemshika bega ni mimi. Kaka, upepo UNAPUNGUA. Wewe unaendesha kioo chako kikiwa wazi nusu kwa sababu ya mkono, utausikiaje? Mimi mlango wa pili nimeweka karatasi ya risiti kwenye tundu la upepo. Dar inapepea, Mlandizi imelala. Na maji Chalinze yapo, dimbwi kabisa.

#8 Mwana wa Igawa
Dogo mbona hukusema?

#9 Dogo wa Utingo
Hukuniuliza kaka.

#10 Mama Malori
Marahaba mwanangu. Risiti yako imefanya kazi kuliko geji za mjini.

#11 Fundi Baridi
Dimbwi peke yake halithibitishi. Pwani hewa imebeba maji, AC yoyote nzima itamwaga dimbwi Chalinze. Hiyo risiti ndiyo inanipa mawazo. Lakini kama ni mimi ningevuta hewa upya kwanza, saa moja kamili, pampu isome utupu wa inchi 29 za zebaki, kisha uifunge na kuiacha nusu saa uone kama mshale unarudi.

#12 Uyole Baridi Kali
Fundi, hapo kwenye inchi 29 nimekwama miaka. Nimenunua pampu tatu, hakuna hata moja iliyopita 24 na nusu. Mteja anaona anasema pampu mbovu. Mnazipata wapi hizo za 29?

#13 Mwalimu wa Sayansi
Uyole, pampu zako hazina kosa. Geji ya kawaida inapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Pwani hewa ya nje inasukuma karibu inchi 30. Ukipanda, kila mita 300 unapoteza karibu inchi moja. Mbeya ni kama mita 1,700, kwa hiyo hata ukiwa na pampu bora duniani mshale utaishia 24 na kidogo.

Tatizo liko kwingine. Maji ya nyuzi 25 yanachemka yakibakiziwa msukumo chini ya inchi moja. Asubuhi ya mwezi wa 6 Uyole, chuma kikiwa nyuzi 8, unahitaji kushuka hadi theluthi moja ya hapo. Vuta hewa mchana, injini ikiwa imeshapasha kabini, na badilisha oili ya pampu. Oili ya pampu ikigeuka maziwa haivuti kitu.

#14 Uyole Baridi Kali
Mwalimu Mungu akuweke. Nimebishana na wateja miaka sita. Oili ya pampu sijawahi kubadilisha tangu ninunue.

#15 Makanika wa Changamwe
Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote na naona mmeruka kitu kiko mbele ya macho. Jamaa amesema kompresa ya mtumba.

Mwaka juzi nililetewa lori Mariakani, mwendo ule ule: baridi nusu saa, joto, pumzika, baridi. Makanika wawili walikuwa wameshavuta hewa. Nikapiga magoti nikatazama uso wa kompresa injini ikiwa moto. Puli inazunguka, ile sahani ya mbele ya klachi imesimama. Umeme upo. Sahani ikiliwa, mwanya kati yake na puli unapanuka. Koili ikipata joto inapoteza nguvu ya sumaku, haiwezi tena kuvuta sahani kuvuka ule mwanya. Ikipoa inavuta. Mwanya unatakiwa kama nusu milimita, nilipima nikakuta unapita moja. Nilitoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani, mpaka leo lori linakwenda Malaba na kurudi. Nilimlipisha kazi tu, kifaa hakikununuliwa hata kimoja.

#16 Spana Kumi na Tatu
Hii nimeipenda. Naondoa kauli yangu ya #2. Lakini risiti ya dogo inalala kwa nini kama ni klachi?

#17 Makanika wa Changamwe
Risiti ilale kwa sababu tundu la upande wake lina uchafu, au feni ina kasoro yake. Gari la 1993 haliugui ugonjwa mmoja.

#18 Kijiji Kwanza
Mnajipa gharama bure. Mjomba wangu anajaza gesi ya mtungi wa kupikia. Kilo sita anapozea gari nne, baridi kali kuliko hizo zenu za namba.

#19 Fundi Baridi
Ndugu yangu, hapa naomba nisikilizwe na kila anayesoma. Ni kweli ile gesi inapoza, hilo sibishi. Lakini evapureta iko ndani ya dashibodi, sentimita chache kutoka magotini mwako. Ikivuja usiku utingo amelala kabini na vioo vimefungwa, gesi inajaa humo humo. Mtu anawasha sigara, au rilei inatoa cheche moja. Mwambie mjomba aiache. Sina hasira naye, ila nimeona mkono wa mtu ulioungua kwa hili.

Na hata mitungi ya buluu ya R134a kuweni macho. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, wafanyakazi watatu wakafa, kwa sababu ya gesi bandia iliyochanganywa na R40. Ile ikikutana na aluminiamu ya kompresa inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Nunua kwa mtu unayemjua, upime mtungi.

#20 Kijiji Kwanza
Nimeelewa. Nitampigia leo.

#21 Mpemba wa Maskati
Assalaam alaikum. Mie nipo Oman mwaka wa 14, asili yangu Wete, nafanya kazi karakana ya malori. Huku mwezi wa sita na wa saba nyuzi 45 ni siku ya kawaida, kwa hivyo AC ya lori la zamani tumeisomea kwa kulia.

Lori la 1993 kutoka Japani laweza kuwa lilizaliwa na gesi ya zamani, R12, miaka ile ndiyo walikuwa wanahama. Mmemuuliza kibandiko kinasemaje? Kama ni R12, oili yake ya zamani ni ya madini na haichanganyiki na R134a. Inakwenda kulala kwenye kondensa (ile inayotoa joto nje) na evapureta, hairudi kwenye kompresa. Kompresa inakauka, inapata moto, hiyo koili anayoisema makanika wa Mombasa nayo inapata moto. Kwa gari za kuhamishwa sie twatia oili ya esta, haigombani sana na mabaki ya ile ya zamani.

La pili ni kiasi. Ukitoka R12 kwenda R134a unatia asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa mwanzo. Kujaza hata kioo kiwe safi ni kanuni ya R12. Kwa R134a yenye mabaki ya oili ya madini kioo huweza kubaki na ukungu hata imejaa, wewe ukiendelea kutia presha inapanda, swichi ya presha inakata. Tena kondensa za zamani za bomba moja la kujikunja haziachi joto upesi. Twazitoa, twatia ya mabomba bapa.

La tatu, nalisema kwa sababu ndilo lililonitesa mwenyewe: koki ya hita. Waya wake ukishika kutu, maji ya moto ya injini yanapita kwenye hita siku zote. Injini ikishapata moto barabara, hita inashinda AC. Injini hupata moto barabara baada ya muda gani? Haya.

#22 Mwana wa Igawa
Nimetoka kulala chini ya dashibodi na tochi. Kibandiko kipo, kimefifia: R12, gramu 800. Oili ya kompresa ya zamani niliyoihifadhi kwenye chupa ni nyeusi na ina unga unaong'aa. Bomba la hita limekuwa la moto wakati swichi iko kwenye baridi. Mpemba umenishika pabaya.

#23 Fundi Baridi
Unga unaong'aa ni aluminiamu ya kompresa iliyokufa. Umetapakaa mfumo mzima na huenda umekaa kwenye wavu wa valvu. Mliosha mabomba kabla ya kufunga hii nyingine?

#24 Mwana wa Igawa
Aliosha kwa petroli akapuliza upepo.

#25 Mama Malori
Petroli inabaki kwenye mikunjo na inaharibu mipira. Pole sana baba.

#26 Msomi wa Ilala
Samahani nitoke kidogo nje. Hivi R12 haipo kabisa? Marehemu baba alikuwa anaisifu.

#27 Mwalimu wa Sayansi
Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoifunga, kwa ajili ya tabaka la ozoni. Nchi tajiri ziliacha 1996, sisi tulipewa hadi mwanzo wa 2010. Leo ukiletewa mtungi mweupe ukaambiwa ni R12 ya stoo, jiulize stoo ya nani. R134a haili ozoni lakini inapasha dunia, kilo moja ni kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaipunguza nayo. Kuziba uvujaji kabla ya kujaza kuna faida hiyo pia, mbali na elfu 80.

#28 Lubumbashi Express
Bonjour ba ndugu. Mimi naendesha toka Kasumbalesa. Nilitia kompresa ya gari ndogo, volti 12, ndani ya kamyo ya 24. Fundi akatoa waya kwenye betri moja tu. Kompresa iliendelea, lakini betri ile moja ilikufa kila miezi mitatu, nyingine ikachemka. Muangalie ile klachi yenu imeandikwa namba gani kweli.

#29 Mwana wa Igawa
Ya kwangu imeandikwa 24. Asante Lubumbashi.

Taarifa: nimebana mpira wa hita kwa koleo na kitambaa, nikapanda. Leo baridi imefika Chalinze kabla ya kukata. Zaidi ya nusu saa ya ziada. Nikadhani nimepona, ikakata Bwawani. Lakini kuanzia Mafinga hadi Makambako AC imepiga bila kukata hata mara moja, saa mbili nzima.

#30 Mama Malori
Umeona? Juu hewa kavu, hakuna unyevu wa kuganda kwenye evapureta. Kisensa.

#31 Mpemba wa Maskati
Juu kuna baridi, kondensa inapumua, presha haipandi. Gesi imezidi. Kioo safi kwa gramu 800 za R12, naweka dau humo mna kilo.

#32 Makanika wa Changamwe
Juu kuna baridi, koili haichemki. Klachi.

#33 Fundi Baridi
Na mimi niseme wazi, maelezo yangu ya maji kwenye valvu hayapendi hiyo habari ya Makambako. Valvu ingeganda popote. Labda draya ilikunywa kidogo njiani, sina uhakika wa kuapia.

Mwana wa Igawa, tuache kubishana hewani. Toa waya kwenye ule wa klachi, fungia taa ndogo ya volti 24, ivute hadi kabini mbele ya macho yako. Baridi ikikata na taa imezimika, kuna kitu kinakata umeme: swichi ya presha, rilei, waya. Taa ikibaki inawaka, umeme unafika, shida ni klachi, valvu, au evapureta imeganda kwa sababu kisensa hakikati inavyotakiwa.

#34 Mwana wa Igawa
Nimefunga. Taa ya kijani, iko juu ya redio.

#35 Dogo wa Utingo
Tunashuka. Tumepita Kitonga saa kumi na moja jioni, niko na risiti mpya na tochi. Ruaha Mbuyuni baridi imekata. Taa INAWAKA. Kaka amesimama pembeni, injini inaunguruma, nimeingia chini kwa upande. Sahani ya kompresa inazunguka pamoja na puli.

#36 Makanika wa Changamwe
Basi klachi si yenyewe. Nimetoka, nawaachia. Kazi nzuri kijana.

#37 Mpemba wa Maskati
Na swichi ya presha haikukata. Lakini gesi kuzidi bado, valvu inaweza kufurika. Mshike bomba.

#38 Fundi Baridi
Dogo, bomba nene linaloingia kwenye kompresa, lishike kwa kiganja. Baridi au vuguvugu? Na risiti?

#39 Dogo wa Utingo
Risiti ilikuwa inapepea kidogo sana. Bomba nene nililishika mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa baridi kali lina jasho, kiganja kimelowa. Nikaenda kuchukua tochi, kaka akawa amezima kitufe cha AC, nikarudi likawa vuguvugu.

#40 Mama Malori
Mara ya kwanza ndiyo yenye maana. Bomba baridi lenye jasho na upepo umelala, hiyo ni barafu kwenye mapezi. Valvu ikiziba bomba lingekuwa vuguvugu.

#41 Fundi Baridi
Kama mara ya kwanza ilikuwa baada ya baridi kukata. Dogo, ilikuwa kabla au baada?

#42 Dogo wa Utingo
Ilikuwa karibu pamoja, fundi. Nisiseme uongo.

#43 Mwana wa Igawa
Wakuu, tumelala Mikumi. Jumanne nipo Dar. Nafungua dashibodi nitoe kisensa, nikiweke kwenye maji ya barafu nipime kwa mita kama Mama Malori atanielekeza. Kisha natoa gesi yote ipimwe kwa mizani tujue Mpemba ameshinda au la, valvu mpya, draya ifunguliwe mwisho, naitrojeni psi 150 na povu la sabuni kila kiungo, oili ya esta, saa moja ya pampu. Petroli sitaki tena kuiona. Nitarudi na gramu.

#44 Spana Kumi na Tatu
Naitrojeni, usikubali mtu akuletee oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni na oili ndani ya bomba ni bomu. Mtungi usome mwenyewe.

#45 Dogo wa Utingo
Nitausoma mimi.